Nani Apange Bei ya Kumtunza Mzee?

Mwaka 2017 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilimaliza kuchunguza biashara ya makao ya wazee, ikatoa tarakimu mbili zinazostahili kukumbukwa. Mzee aliyelipiwa na halmashauri aligharimu wastani wa paundi 621 kwa wiki. Aliyejilipia mwenyewe, paundi 846. Na pale wawili hao walipoishi chini ya paa moja, wakila kutoka jiko moja na kuogeshwa na mikono ileile, anayejilipia alitozwa takriban asilimia 41 zaidi. Kwa mwaka, tofauti hiyo inapita paundi 12,000.

Bei zote mbili zimepanda sana tangu hapo, lakini mpango uliozizaa haujabadilika. Nazungumzia England pekee, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. England ina halmashauri 153 zenye wajibu wa kuwapatia wazee huduma, na kila moja hupanga bei yake ya kitanda. Jambo hili haliko mbali na msomaji wa Kiswahili. Kazi ya kea, kama wenyewe wanavyoiita, imewaajiri wengi wa kwetu, na watu wa pwani waliohamia Uingereza miaka ya 1960 na 1970 sasa wamefikia umri wa kulala kwenye vitanda hivyo.

Hoja zinazobishaniwa nimezigawia sauti nne. Wasemaji nimewabuni, lakini sheria, tarehe na viwango vya serikali ni vya kweli. Mmiliki, mzaliwa wa Mombasa, ana makao ya vitanda 32 kaskazini mwa England. Ofisa ni Mkenya anayesimamia ununuzi wa huduma katika halmashauri. Mhudumu ametoka Moshi. Binti ana baba, mtu wa Unguja, anayejilipia katika makao ya Mmiliki.

MMILIKI: Kila mwaka, majira ya Machi, naletewa barua. Halmashauri inanijulisha bei ya kuanzia Aprili: imeongezwa asilimia kadhaa, asante kwa ushirikiano. Mazungumzo hakuna. Sasa chukueni Aprili 2025. Serikali kuu ilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka paundi 11.44 kwa saa hadi 12.21. Siku zilezile ikapandisha mchango wa mwajiri katika bima ya taifa kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na kiwango cha mshahara ambapo mchango huanza kukatwa kikashushwa kutoka paundi 9,100 kwa mwaka hadi 5,000. Zaidi ya nusu ya gharama zangu ni mishahara. London imenipandishia gharama, halafu halmashauri inachagua ni sehemu gani ya gharama hizo itaitambua.

OFISA: Sikupingi, bwana. Ila fahamu kalamu yangu inavyofungwa. Kisheria halmashauri lazima isawazishe bajeti yake kila mwaka. Haruhusiwi mtu kukopa ili alipe mishahara au vitanda. Kodi ya makazi hatuwezi kuipandisha ikafika asilimia 5 bila kuitisha kura ya wananchi. Ndani ya hiyo, asilimia 2 ndiyo ya huduma za jamii. Watoto walio chini ya ulinzi wetu wanaongezeka, watu wenye ulemavu wanaongezeka, wazee wanaongezeka. Kinachobaki baada ya hesabu hizo kinagawanywa kwa idadi ya vitanda. Nakiri waziwazi kwamba bei yangu inaanzia kwenye mfuko, haianzii kwenye kitanda.

MHUDUMU: Babu yangu kule Kilimanjaro alikuwa analima kahawa, anauza kwa chama cha ushirika. Alipanda, alichuma, alianika, akapeleka, halafu akaambiwa bei. Hakuwa na mnunuzi mwingine wa kumkimbilia. Nikisikia habari ya hiyo barua ya Machi, nakumbuka gunia lake.

OFISA: Tofauti ni kwamba sisi tunanunua kwa jumla, dada. Anayenunua vitanda mia nne kwa mwaka hupata punguzo, na mwenye makao hupata uhakika kwamba kitanda hakitakaa tupu. Biashara zote ziko hivyo.

BINTI: Punguzo ni pale muuzaji anapopunguza faida yake. Hapa anapunguza kwako, kisha anakuja kuijaza kwa baba yangu. Baba alifanya kazi miaka yote katika nchi hii, akalipa kodi, akanunua nyumba ya vyumba viwili. Mama alipofariki, nyumba ikahesabiwa kuwa mali yake peke yake. Sasa analipa kitanda chake kwa bei kamili, analipa kodi inayonunua kitanda cha jirani yake, na kwenye bei yake yeye mwenyewe mmechomeka tena kipande cha kitanda cha jirani. Mzee wa watu analipishwa mara tatu, na hiyo ya tatu hakuna aliyemwambia.

Hapa inafaa niseme jinsi mtu anavyoangukia upande mmoja au mwingine. Halmashauri hupima mali. Mwenye zaidi ya paundi 23,250 hujilipia gharama zote. Mwenye chini ya 14,250 haguswi akiba yake, ingawa pensheni yake karibu yote huchukuliwa, akaachiwa posho ya matumizi binafsi: paundi 30.65 kwa wiki katika mwaka wa fedha 2025/26, za kunyoa nywele, sabuni anayoipenda, na zawadi ya mjukuu. Nyumba huhesabiwa, isipokuwa mwenzi wa ndoa au ndugu wa umri wa miaka 60 na zaidi bado anaishi humo, na kwa wiki 12 za mwanzo. Viwango hivyo viwili vya mali havijapandishwa tangu 2010. Bei za nyumba, mishahara na vyakula vimepanda miaka yote hiyo. Mstari wa kumtenganisha mwenye uwezo na asiye nao umesimama palepale, na kila mwaka unawakamata watu wa hali ya chini zaidi ya wale wa mwaka uliotangulia. Hiyo nayo ni bei iliyopangwa na serikali, ila imepangwa kwa kutofanya lolote.

BINTI: Na kulikuwa na tiba yake kwenye sheria. Kifungu cha 18(3) cha Sheria ya Utunzaji ya 2014 kinampa mtu anayejilipia haki ya kuiomba halmashauri imnunulie huduma, ili apate bei yao. Kwa makao ya wazee hakijawahi kuanza kutumika. Tuliahidiwa Oktoba 2023, pamoja na ukomo wa paundi 86,000 kwa gharama za utunzaji ambazo mtu angelipa maishani, na kiwango cha mali kupandishwa hadi paundi 100,000. Novemba 2022 wakasogeza mbele hadi Oktoba 2025. Julai 2024 serikali mpya ikafuta yote.

MMILIKI: Binti yangu, nakuonea uchungu, lakini siku kifungu hicho kingeanza bila fedha, ningefunga milango. Uchunguzi huohuo wa 2017 ulisema halmashauri zililipa, kwa wastani, hadi kiasi cha asilimia 10 chini ya gharama kamili. Mimi vitanda 20 ni vya halmashauri na 12 ni vya wanaojilipia. Kumi na wawili hao ndio wanaonishikilia. Jirani zangu wa mtaa maskini hawana hata mmoja anayejilipia. Nao ndio wa kwanza kufunga.

OFISA: Subiri kidogo kwenye hilo neno, gharama kamili. Uchunguzi huo ulieleza pia kwamba bei zetu kwa kawaida zilitosha kuendesha makao siku hadi siku: mishahara, chakula, umeme, dawa za usafi. Kilichokosekana ni malipo ya mtaji, yaani faida ya yule aliyeweka fedha kwenye jengo. Sasa niulize: ni faida kiasi gani mwananchi anapaswa kumlipa mwenye jengo? Asilimia 6? Asilimia 12? Ukibadilisha tarakimu hiyo moja tu kwenye fomula, bei ya kitanda inaruka, na mzee hajapata hata kikombe cha chai cha ziada.

MMILIKI: Jengo halijijengi. Paa linavuja, lifti inazeeka, wazima moto wanataka milango mipya. Benki ilinikopesha, na benki haipokei shukrani. Ukinilipa ya kuendesha tu, unakula jengo langu polepole. Baada ya miaka 15 hutakuwa na kitanda cha kununua kwa bei yoyote.

OFISA: Wewe una jengo na mkopo unaoeleweka. Lakini bei ninayopanga inakwenda pia kwa makampuni makubwa. Southern Cross ilikuwa na makao 750 na wakaazi 31,000. Kampuni ya uwekezaji ya Blackstone iliinunua 2004, ikaiingiza soko la hisa la London 2006. Majengo yakawa ya wengine, kampuni ikabaki mpangaji wa nyumba zake za zamani, na mikataba ikasema kodi itapanda kila mwaka, iwe mvua iwe jua. Halmashauri zilipobana bei na vitanda vikaanza kukaa wazi, kodi haikungoja. 2011 kampuni ikaanguka, wazee 31,000 wakawa hawajui mwenye nyumba wao ni nani. Niambie, kama mwaka 2008 ningeongeza bei, fedha ingekwenda wapi? Kwa dada huyu anayeogesha wazee, au kwa mwenye jengo?

MHUDUMU: Kwangu isingefika, kaka. Hilo nakujibu bila kufungua daftari.

Ofisa yuko sahihi hapo, na ni vizuri kulikaa kidogo. Mwaka 2019 Kituo cha Afya na Maslahi ya Umma, taasisi ya utafiti ya Uingereza, kilipekua hesabu za kampuni za makao na kukadiria kwamba kati ya paundi bilioni 15 zinazoingia katika sekta hiyo kwa mwaka, kiasi cha bilioni 1.5 kilitoka kama kodi za majengo, riba, gawio, ada za wakurugenzi na faida. Si kila senti ya hapo ni dhuluma. Mwenye nyumba halali hulipwa kodi, na mkopo halali una riba. Ugumu unakuja pale kampuni inayoendesha makao inapolipa kodi kwa kampuni dada, au riba kubwa kwa mkopo iliojikopesha yenyewe kupitia nchi nyingine. Katika vitabu vyake itaonekana inapata hasara, na itamwonyesha Ofisa hasara hiyo ikidai nyongeza.

Lakini Mmiliki naye yuko sahihi, na ndiyo maana simwungi mkono Ofisa anapotumia Southern Cross kumjibu kila mwenye makao. Kubana bei hakukuizuia kampuni hiyo kutoa fedha nje. Kulifupisha tu siku za kuanguka kwake, na waliobanwa zaidi walikuwa wadogo wasio na pa kuficha. Bei ya chini haina macho. Inamwadhibu mwenye vitanda 32 kwa makosa ya mwenye makao 750.

BINTI: Basi kwa nini msifungue vitabu? Mkishajua gharama, mabishano yataisha.

OFISA: Tulijaribu. Mwaka 2022 serikali ilitoa paundi milioni 162 na kuziagiza halmashauri zifanye zoezi la kutafuta gharama ya haki ya utunzaji. Tulituma fomu kwa kila mwenye makao: wahudumu, wauguzi, chakula, matengenezo, ofisi kuu, faida ya uendeshaji, faida ya mtaji. Tukachukua gharama ya katikati, si ya juu wala ya chini. Wengine hawakurudisha fomu kabisa. Wengine walijaza mistari ya faida wanavyotaka.

MMILIKI: Wengine tulikesha tukijaza. Nani alikuja kuzikagua?

OFISA: Na tulipochapisha matokeo mwanzoni mwa 2023, sehemu nyingi gharama ya katikati ilikuwa juu ya bei tunayolipa. Tukaandika kwa lugha ya ofisi kwamba matokeo hayo yatatumika kama mwongozo. Kufikia hapo mageuzi yalikwisha kuahirishwa, na fedha zilizotengwa zikaelekezwa kuziba mapengo ya bajeti za kila siku. Nilijua gharama, dada yangu. Sikuwa na fedha ya kuilipa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha mzozo wote. Tunapenda kuamini kwamba bei isiyo ya haki hutokana na serikali kutojua. England ilijua. Ilituma fomu, ikapata majibu, ikayachapisha, kisha ikaendelea kulipa ilivyokuwa ikilipa. Sheria ya 2014, kifungu cha 5, inaitaka halmashauri ihakikishe kwamba soko la huduma linadumu, na wenye makao wamewahi kuzishtaki halmashauri. Ila majaji huchunguza zaidi njia iliyotumika kufikia bei: je, halmashauri ilishauriana, ilipima hali halisi, hesabu yake ina mantiki? Halmashauri ikishindwa, hurudi ikafuata hatua zote ipasavyo, na yaweza kutoka na bei ileile.

MHUDUMU: Mimi nina swali ambalo kwenye hizo fomu zote sijalisikia. Mnauza na kununua kitanda kwa wiki. Mimi sifanyi kazi ya kitanda. Nafanya kazi ya dakika. Mzee aliyepata kiharusi, kumlisha kifungua kinywa bila kumpalia, ni dakika arobaini. Ukinipa kumi, atashiba nusu, na kwenye karatasi nitaandika amekula. Usiku tuko wawili, wazee thelathini na wawili. Kengele zikilia tatu kwa pamoja, mmoja anajikojolea akitusubiri. Hiyo bei yenu inanunua dakika ngapi?

MMILIKI: Mwanangu, ningeweza ningeweka watatu.

MHUDUMU: Najua, mzee. Sikulaumu wewe. Nauliza bei inanunua dakika ngapi.

OFISA: Hakuna idadi. Kanuni za England zinadai wahudumu wa kutosha wenye ujuzi. Kutosha ni kiasi gani, kanuni haisemi.

Na hapo bei ya chini hupata mlango wa kutokea. Kodi ya jengo ina mkataba, umeme una ankara, kima cha chini cha mshahara kina sheria. Dakika za mhudumu hazina chochote cha kuzilinda, kwa hiyo pengo la bei hukatwa humo. Australia ilichukua njia nyingine baada ya Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti yake ya mwisho Machi 2021, ripoti iliyojaa habari za wazee wenye njaa na vidonda vya kulala. Tangu Oktoba 2022 kila mkaazi hupimwa na mtu asiye mwajiriwa wa makao, akapangwa katika mojawapo ya madaraja 13 kulingana na anavyotembea, akili yake ilivyo, na mahitaji yake ya uuguzi. Daraja ndilo huamua malipo. Kisha dakika zikaandikwa kwenye sheria: wastani wa dakika 200 za huduma kwa mkaazi kwa siku kuanzia Oktoba 2023, zikapandishwa hadi 215 mwaka uliofuata, 44 kati yake zikiwa za muuguzi aliyesajiliwa. Mahakama ya kazi ilipoamua wahudumu wa wazee waongezwe mshahara kwa asilimia 15 kuanzia katikati ya 2023, serikali ya shirikisho iliingiza ongezeko hilo kwenye bei yenyewe.

OFISA: Na kule analipa nani? Serikali kuu. Bei moja, mfuko mmoja, nchi nzima. Nipeni hazina ya taifa nami nitawaandikia dakika.

BINTI: Bei hiyo inapangwa na nani?

Kuna mamlaka huru inayokusanya gharama na kupendekeza. Tume ilitaka mamlaka hiyo ipange bei yenyewe. Serikali ikaipa kazi ya kushauri, na neno la mwisho likabaki kwa waziri. Kwa hiyo hata huko mlipaji hajaachia kalamu. Lakini ushauri unachapishwa. Waziri akilipa chini ya alichoshauriwa, kila mtu anaona ni kiasi gani na anaweza kumuuliza kwa nini.

MMILIKI: Hata hapa tunao mfano, tena ndani ya kitanda kilekile. Mkaazi wangu anayehitaji uuguzi ana malipo mawili ya umma. Halmashauri inalipa malazi na utunzaji. NHS, huduma ya afya ya taifa, inalipa kazi ya muuguzi aliyesajiliwa, bei moja England nzima: paundi 254.06 kwa wiki mwaka 2025/26. Na hiyo haipimi mali. Hata baba yake binti huyu akihitaji uuguzi, ataipata. Mwaka 2016 ilikuwa paundi 112. Wakaajiri watu wa nje wapime wauguzi wanatumia muda gani hasa, ikaonekana 112 haitoshi, ikapandishwa ghafla hadi 156.25, tena kwa kurudi nyuma hadi Aprili. Asilimia 40 kwa siku moja! Kwa nini muda wa muuguzi unaweza kupimwa na kulipwa, na muda wa mhudumu hauwezi?

OFISA: Kwa sababu muuguzi ni wa NHS machoni pa mpiga kura, na mhudumu si wa mtu yeyote.

MHUDUMU: Umesema kweli, kaka, japo inauma. Februari 2022 walifungua viza kwa wahudumu, kwa sababu wenyeji walikuwa wanakimbilia madukani kwenye mshahara uleule bila kubeba mtu. Tukaja. Machi 2024 wakakataza wanaokuja wapya kuleta watoto na wenzi wao. Julai 2025 wakafunga mlango kwa wahudumu wapya kutoka nje. Muda wote huo bei ya kitanda ilibaki chini kwa sababu yuko mtu aliyekubali mshahara huo, maana viza yake ilikuwa mkononi mwa mwajiri. Mimi mama yangu yuko Moshi, naye ni mgonjwa, analelewa na binti ninayemlipa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mshahara wa binti huyo nimeupanga mimi, kwa kutazama kilichobaki mfukoni mwangu. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliye msafi. Nimefanya vilevile anavyofanya ofisa.

BINTI: Tofauti ni kwamba wewe huna mamlaka ya kutoza kodi.

MHUDUMU: Ndiyo. Wao wanayo.

Kuhusu nyongeza ambazo familia hulipa juu ya bei ya halmashauri nitasema kwa kifupi. Familia ya mzee anayelipiwa na halmashauri ikitaka chumba cha bei kubwa zaidi, inaruhusiwa kulipa tofauti. Sheria inasema lazima kuwe na angalau nafasi moja inayopatikana kwa bei ya halmashauri bila nyongeza. Pale bei hiyo inapokuwa ndogo kiasi kwamba nafasi pekee iko mji wa tatu, mbali na mke aliyezoea kumtembelea mumewe kila jioni kwa basi, uamuzi wa familia kulipa makumi ya paundi kila wiki hauna hiari ndani yake. Wanaotajwa kwenye hesabu za serikali kuwa wamechagua, wengi wao wamelazimika.

Msimamo wangu basi. Mlipaji asiwe mpangaji wa bei. Chombo huru, chenye uwezo wa kukagua vitabu, kipime dakika anazohitaji mzee wa kila hali, kizizidishe kwa mshahara unaoweza kumbakiza mhudumu kazini, kiongeze chakula, umeme na kiasi cha mtaji kilichotajwa wazi kwa asilimia, na bei hiyo iwe sakafu ambayo hakuna halmashauri itakayoshuka chini yake. Anayepokea fedha hiyo aonyeshe kodi na riba anazolipa kwa kampuni za ukoo wake. Nusu ya kwanza bila ya pili itanenepesha akina Southern Cross wapya. Nusu ya pili bila ya kwanza ndiyo tuliyo nayo kwa kiasi fulani leo: halmashauri zinazodai kuona hesabu ambazo hazikusudii kuzilipa. Na mwenye kujilipia aruhusiwe kununua kwa bei hiyohiyo, hatua kwa hatua, kadiri sakafu inavyopanda.

OFISA: Nakubali yote, ukinionyesha fedha. Mwaka 2023 Birmingham, halmashauri kubwa kuliko zote nchini, ilitangaza kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Nottingham ikafuata mwaka huohuo. Ukinipa sakafu ya bei bila ruzuku ya kuifikia, nitafanya inachoniruhusu sheria: nitapima wahitaji kwa ukali zaidi. Mzee ambaye leo anapata kitanda, nitaandika kwamba anaweza kukaa nyumbani na kutembelewa mara nne kwa siku. Bei itakuwa ya haki kwa wachache waliopita mlangoni.

MMILIKI: Hilo ni tishio.

OFISA: Ni taratibu, mzee wangu. Nimeziona zikifanyika.

Hoja hiyo ni nzito kuliko zote alizotoa, na haijibiki ndani ya halmashauri. Inabidi ijibiwe na hazina ya taifa. Serikali ya sasa imemkabidhi Louise Casey tume ya kuchunguza utunzaji wote wa watu wazima, ripoti ya mwisho ikitarajiwa 2028; na mwaka huohuo ndio umepangwa makubaliano ya mishahara ya wahudumu yaanze kulipwa, yakitengewa paundi milioni 500. Kwa mtu wa miaka 88 aliyeko kitandani sasa, 2028 ni mbali sana. Kipo kinachoweza kufanyika kabla ya hapo, na Binti ndiye anayekitaja.

BINTI: Mimi sisubiri tume. Mzee wangu, ankara ya baba inaandika mstari mmoja tu: malazi na utunzaji, jumla. Naomba kuanzia mwezi ujao iwe na mstari wa pili: kiasi hiki kinafidia bei ya halmashauri.

MMILIKI: Utaniharibia biashara. Watu wataondoka.

BINTI: Waende wapi? Kila makao yana mstari huo, ila haujaandikwa. Na wewe utakuwa umeonyesha kwamba fedha hiyo haikai kwako.

MMILIKI: Nikiuandika, naye ofisa aandike kwenye tovuti ya halmashauri gharama ya katikati aliyoipata mwaka 2022, akiihuisha kila Aprili, na kando yake bei anayolipa.

MHUDUMU: Na dakika. Muandike bei hiyo inanunua dakika ngapi za mtu kama mimi kwa siku.

OFISA: Hakuna sheria inayonikataza kuandika. Lakini mnajua kitakachofuata: simu za ofisini hazitapoa, na madiwani wataniita nieleze.

BINTI: Waeleze. Ndicho tunachokitaka.